Ngome Kongwe iliyohamia kushoto

Katika ukumbi wa mapokezi wa ofisi moja ya katikati ya Dar es Salaam, ambako mwezi uliopita nilikaa karibu saa nzima nikisubiri kuitwa, ukuta wote ulio nyuma ya dawati umefunikwa na picha kubwa ya mji wa Unguja ukionekana kutoka baharini, iliyochapwa juu ya turubai na kutiwa rangi ya hudhurungi ili ionekane kuukuu. Chini yake pana maandishi ya dhahabu yasemayo Zanzibar ya Kale, 1880. Kwa kuwa simu yangu ilikuwa imekaribia kuzima na magazeti ya mezani yalikuwa ya mwaka juzi, niliitazama picha ile kwa makini kuliko alivyotarajia aliyeitundika, na kadiri nilivyozidi kuitazama ndivyo ilivyozidi kunikera.

Kosa la kwanza analiona hata aliyewahi kusimama kwenye sitaha ya boti mara moja tu. Anayeutazama mji kutoka baharini huiona Ngome Kongwe mkono wake wa kulia, kisha Beit al-Ajaib, kisha kasri la Sultani mkono wa kushoto. Katika picha ile Ngome imehamia kushoto, kwa sababu aliyeichapa aliigeuza kama kioo cha kujitazamia kinavyogeuza uso, na tangu itundikwe hakuna aliyeshtuka. Kosa la pili ni la hesabu tu: Beit al-Ajaib, ambalo ndilo linalotawala picha nzima, lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, hivyo haliwezi kuwa limesimama mwaka 1880. Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika picha ile mnara wa saa umeshikamana na uso wa Beit al-Ajaib, na mnara huo haukuwapo pale kabla ya mwaka 1897. Mnara wa awali ulisimama peke yake mbele ya jengo, karibu na maji, ukiwa na taa ya kuongozea vyombo, na uliondoka pamoja na mengine mengi katika asubuhi moja ya mwezi Agosti.

Asubuhi hiyo inajulikana vizuri. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Uingereza zilizokuwa zimejipanga bandarini zilianza kufyatua mizinga. Vita ile, ambayo waandishi wa vitabu vya maajabu ya dunia huipenda kwa kuwa ni fupi kuliko zote, haikutimiza saa moja. Wapo wanaoihesabu dakika 38 na wapo wanaofikisha 45. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na hatimaye akaletwa Dar es Salaam, mji uleule ambamo picha niliyokuwa nikiitazama imetundikwa. Kasri la Beit al-Sahel liliharibika vibaya na baadaye likajengwa upya. Beit al-Hukm, lililosimama katikati ya Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib na kuunganishwa nayo kwa vivuko vya juu vilivyoezekwa, liliharibiwa kiasi kwamba halikujengwa tena, na mahali pake pakawa bustani.

Kwa hiyo jengo lililobomolewa limo katika picha ile ya mapokezi, ila limo kama pengo. Kati ya Beit al-Ajaib na kasri pana miti, na miti hiyo ndiyo Beit al-Hukm. Mgeni anayesubiri zamu yake huiona miti akadhani mji wa kale ulikuwa na bustani nzuri, akafurahi kwamba anauona mji jinsi ulivyokuwa kabla haujaguswa, ilhali anachokiona ni mji uliokwisha kupigwa mizinga, ukasafishwa kifusi na kupambwa mnara mpya.

Sina ugomvi na picha za ukutani. Nyumbani kwangu ninazo tatu, na moja kati ya hizo ni ya bandari hiyohiyo, ikionyesha milingoti mitatu imechomoza majini mbali kidogo na ufuko. Milingoti hiyo ni ya HHS Glasgow, merikebu ya Sultani iliyozamishwa siku ileile ya Agosti. Mabaki yake yalikaa bandarini hadi mwaka 1912 yalipovunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Mtu akijua hilo, picha yoyote yenye milingoti ile anaweza kuiweka kati ya 1896 na 1912 bila kuuliza mtu. Ninachosema ni kwamba picha za aina hii ni hati kabla ya kuwa pambo, na katika safari yake kutoka kwenye hati hadi kwenye pambo kuna swali moja ambalo huangushwa njiani kila mara, nalo ni hili: nani alilibomoa jengo hili, na kwa nini?

Swali hilo haliangushwi kwa bahati mbaya, na ili kuona sababu inafaa kufuata njia ambayo picha imepita. Picha nyingi za Unguja ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilitoka katika studio za Wagoa waliohamia kisiwani, akina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliofanya kazi kwa kamera za miguu mitatu na negativu za kioo. Mpiga picha alikuwa mfanyabiashara, na wateja wake wakubwa walikuwa abiria wa meli, maofisa na wageni waliotaka kitu cha kupeleka kwao. Ndiyo maana uso wa mji unaoelekea bahari umepigwa picha mara nyingi kiasi hicho, kwa kuwa ndio uso aliouona abiria. Baadaye zikaja kadi za posta, ambazo nyingi zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani, na mtia rangi hakulazimika kuwa amewahi kuona paa la bati wala bendera nyekundu ya Sultani ili azipake. Tangu mwanzo, basi, picha hizi zilipigwa ili mtu aondoke nazo, na anayeondoka hahitaji kuelezwa yaliyotokea baada yake.

Hata hivyo picha za asili zina maelezo. Mkusanyiko wa Humphrey Winterton, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, na picha nyingi za makoloni ya Ujerumani ziko katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Mikusanyiko yote miwili inaonekana kwenye intaneti, na huko picha huambatana na namba yake na maelezo yake, yawe marefu au mafupi. Pale Mji Mkongwe kwenyewe ipo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambayo kwa miaka mingi imewauzia watalii na wenyeji chapa za picha nyeusi na nyeupe, na anayeuliza pale kwa kawaida hujibiwa na mtu anayejua. Uzembe unaanza mbele zaidi, pale picha inapotoka kwa mwenye kuijua na kuingia kwa mwenye kuichapa tu.

Kijana wa steshenari anapoombwa picha ya kale kwa ajili ya ukuta wa mita tatu, hupakua faili ndogo kutoka kwenye intaneti, akaivuta hadi madirisha ya jengo yakawa ukungu, akaikata juu na chini ili ilingane na umbo la ukuta, kisha akaongeza hudhurungi. Hiyo hudhurungi nayo ina kichekesho chake, kwa sababu chapa za zamani zilizopakwa ute wa yai hugeuka manjano kwa kuchakaa, hivyo kinachoigwa pale ni uchakavu. Katika kukata ndipo hasara inapokuwa kubwa. Pembezoni mwa picha za zamani ndiko walikokuwa watu: hamali aliyeweka mzigo chini apumzike, mashua iliyopandishwa mchangani, mwanamke aliyesogea wakati lenzi iko wazi akabaki kama moshi. Jumba hubaki katikati, limesafishwa, na ile mistari miwili ya maelezo iliyokuwa chini ya picha kule maktabani haina nafasi kwenye turubai.

Wapo watakaosema kwamba pambo ni pambo, na kwamba mwenye ofisi alitaka ukuta wake upendeze, hakutaka darasa la historia. Ni kweli, na ningenyamaza kama picha hizi zisingeuzwa kwa jina la historia. Lakini hakuna anayetundika picha ya jumba la zamani kwa sababu ya nguzo zake pekee. Anaitundika kwa sababu ni ya kale, kwa sababu inaipa ofisi yake ya miaka minne sura ya kitu chenye mizizi. Nimewahi kuingia katika jengo la vioo ambalo mwenyewe ametundika karibu na lifti picha ya nyumba ya ghorofa moja yenye roshani za mbao iliyokuwa kwenye kiwanja hichohicho, na ambayo yeye mwenyewe aliibomoa ili ajenge. Juu ya picha pameandikwa Urithi Wetu. Mlinzi wa getini, mtu wa makamo aliyezaliwa mitaa ya jirani, aliniambia bila kucheka kwamba nyumba ile ilikuwa na mlango wa nakshi na kwamba mlango haukwenda na kifusi, ulikwenda kwingine.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikubali kwamba suala hili ni la ladha tu. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile picha zote za jengo hilo zilibadilika kazi. Anayetaka kulirudisha jengo lililoanguka anahitaji kujua nguzo za chuma cha kusubu zilikuwa ngapi kila upande, roshani zilizozunguka jengo zilikuwa na vizuizi vya nakshi gani, paa liliinama kiasi gani. Michoro husaidia, na picha husaidia zaidi, lakini ni picha nzima inayosaidia, yenye mwaka wake, ili fundi ajue kama anatazama hali ya kabla ya 1897 au ya baada yake. Turubai lililogeuzwa kulia kuwa kushoto na kupewa mwaka wa uongo lingempotosha. Nafahamu kwamba hakuna mhandisi atakayekwenda kupima nguzo kwenye ukuta wa mapokezi. Nataja hili ili ionekane ni umbali gani picha inaweza kusafiri kutoka kwenye manufaa yake huku ikibaki na umbo lake.

Lakini malalamiko yangu makubwa yako kwenye picha ambazo hazipo. Katika maduka yote ya vinyago na picha niliyopita Shangani, Hurumzi na Kiponda, sijawahi kuona hata mara moja picha ya kutundika ya nyumba za Ng'ambo. Ng'ambo ni upande wa pili wa ile hori iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe na sehemu nyingine ya kisiwa, ambayo ilifukiwa kidogo kidogo hadi ikabaki barabara, na jina la Darajani likabaki kutukumbusha kwamba palikuwa na daraja. Huko ndiko walikoishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, watumwa walioachwa huru na watoto wao, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti na baadaye madebe na mabati. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, iliamua kuupanga upya upande huo, na nyumba nyingi sana zikavunjwa ili kupisha maghorofa marefu ya Michenzani. Sitaki kuandika kama mtu anayelilia makuti yaliyokuwa yakivuja. Waliohamia katika maghorofa yale walipata umeme na maji ya bomba, na wengi wanaikumbuka siku ya kukabidhiwa ufunguo kama siku ya arusi. Lakini kwa idadi ya nyumba zilizotoweka, ule ulikuwa ubomoaji mkubwa kuliko wa manowari za mwaka 1896, na hakuna aliyeutengenezea picha ya kuning'iniza sebuleni.

Dar es Salaam haina nafuu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na mahali pa kuanikia, ilikuwa ndiyo jengo la kawaida la mji huu kwa miaka mingi. Serikali za kikoloni zilipima viwanja vyake kwa kamba na kuvitenga na Uzunguni na Uhindini, na jina lenyewe la mtaa lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Soko la zamani lilikwisha kuondolewa na mahali pake, katika miaka ya 1970, pakajengwa soko alilolibuni msanifu Beda Amuli, lenye yale mapaa ya zege yaliyofunguka kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Nyumba zilizolizunguka zimeondoka moja baada ya nyingine, kiwanja kwa kiwanja, hadi leo mtu anaweza kuzunguka kutwa nzima kati ya Msimbazi na Lumumba akahesabu zilizobaki kwa vidole. Jumba la mfalme likianguka huandikwa tarehe na dakika. Nyumba ya vyumba sita huondoka Jumamosi, na Jumatatu pana mabati ya kuzungushia ujenzi.

Mtu anaweza kusema kwamba nyumba hizo hazina uzuri wa kutundikwa. Siamini. Mji wa Paris ulipokuwa ukivunjwa na kupangwa upya chini ya Haussmann, ofisa aliyeutawala mji huo wakati ule, serikali ya mji ilimpa kazi mpiga picha Charles Marville, na katika miaka ya 1860 akapiga picha zipatazo 425 za vichochoro vilivyokuwa vikielekea kuvunjwa: mifereji ya maji machafu katikati ya njia, kuta zilizobambuka lipu, mabango ya wauza viatu. Yalikuwa makazi ya watu wa kawaida, mengine machafu, na leo chapa za picha hizo hutundikwa katika sebule za watu wasiokosa fedha. Tena aliyeagiza picha na aliyeagiza kuvunja ni mmoja. Hilo linaweza kusomwa kama unafiki, lakini mimi naliona kuwa na heshima fulani, kwa sababu mbomoaji alikubali kuacha ushahidi wa alichokibomoa, mtaa kwa mtaa, kwa jina la kila mtaa.

Kwetu lingewezekana kwa gharama ndogo zaidi, maana siku hizi kila mkaguzi wa ujenzi ana kamera mfukoni. Kibali cha kubomoa kingeweza kuambatana na sharti la picha za nyumba kwa pande zote na ndani, zenye tarehe, namba ya kiwanja na jina la mwombaji, nakala moja ikabaki halmashauri na nyingine ikapelekwa Nyaraka za Taifa, au kwa upande wa Unguja katika Nyaraka za Zanzibar. Na wachapaji wa mapambo, ambao nimewalaumu kwa kirefu, wana kazi nyepesi kuliko hiyo: waandike nyuma ya fremu mistari minne, jengo gani, lilikuwa wapi, nani alilipiga picha na lini, liliondokaje. Mbele pabaki safi, kama mteja anavyotaka.

Nimeanza na ya kwangu. Wiki iliyopita nilipeleka kwa fundi wa fremu pale Magomeni picha ndogo ya rangi, iliyochubuka pembe moja, ya nyumba ya bibi yangu katika Mtaa wa Narung'ombe. Fundi akaipima, akachagua mbao, akaweka kioo, kisha nikamweleza habari ya mistari minne. Akachukua kalamu ya wino mzito, akageuza fremu, akaanza kuandika huku nikimtajia: nyumba ya vyumba sita, Kariakoo, imepigwa na shemeji yetu mwaka 1987. Hapo akainua kichwa.

"Na iliondokaje, mzee? Nani aliibomoa?"

Nikamweleza kwamba bibi alipofariki warithi tulikuwa kumi na mmoja, kwamba mnunuzi alitaka kiwanja kitupu, na kwamba tulikodi vijana wenye nyundo wakaimaliza kwa siku mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, akaichezesha kalamu kidogo kati ya vidole.

"Sasa hayo yote hayaenei hapa," akasema. "Niandike nani?"

Nikamwambia aandike majina ya ukoo wetu.